Mbwa Akichechemea: Kabla ya Kununua Dawa ya Viungo

Haya ni maneno ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Lokichoggio kuhusu afya ya mbwa. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wa Kakuma, Lodwar na kwingineko ambao hawakuweza kufika.

 

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi si daktari wa mifugo. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi ya mwandishi ni kuuliza mpaka aelewe, kisha awaeleze wengine kwa lugha wanayoielewa. Haya nitakayoyasema nimeyauliza kwa maafisa wetu wa mifugo na wa afya. Nikiulizwa swali lililonizidi, nitawaachia wao.

Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya viungo, mama mmoja sokoni aliniuliza kama kaunti imeanza kufundisha kupika pilau. Hapana, mama. Viungo vya leo ni vya mwili: goti, nyonga, kiwiko na kifundo. Tena ni vya mbwa.

Najua wapo wanaojiuliza kama serikali imekosa kazi. Lakini huduma kwa mbwa ni kazi yetu kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kutunza hali yao, na utoaji wa leseni za mbwa umetajwa humo kwa jina. Na Lokichoggio ni mji unaojua thamani ya mguu. Hapa Lopiding ndipo Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulipofungua hospitali mwaka 1987, wakati wa vita vya Sudan, na ukaiendesha mpaka mwaka 2006. Majeruhi walitibiwa pale, na waliopoteza miguu walitengenezewa miguu ya bandia. Watu wa mji huu hawahitaji kuelezwa maana ya kiumbe kushindwa kutembea.

Mbwa kwetu ni mlinzi. Kwenye awi ndiye anayebweka fisi anapokaribia zizi la mbuzi. Adakar ikihama, naye anahama, tena kwa miguu. Mbwa asiyeweza kutembea hawezi kufuata mifugo, na asiyeweza kusimama usiku hawezi kulinda zizi. Kwa hiyo mtu anapoingia dukani kumtafutia mbwa wake dawa ya miguu, hafanyi anasa. Analinda mali yake.

Tatizo ni anachouziwa.

Kisa cha Simba

Nyumbani Lodwar tuna mbwa tunayemwita Simba, ingawa sasa amezeeka na jina limebaki jina tu. Mwaka mmoja alianza kuchechemea mguu wa mbele. Mama yangu akanipigia simu: "Mwanangu, mzee wako huyu hatembei." Nikaingia duka moja la dawa za mifugo, nikaeleza. Nikapewa kopo la unga lenye picha ya mbwa anayeruka juu kama swala. Nikaambiwa ni dawa ya viungo, nimchanganyie kwenye uji kila siku. Bei yake nitaificha, maana mama yangu husoma jarida hili.

Miezi miwili Simba alikula unga ule. Aliupenda sana. Mguu haukubadilika. Nikanunua kopo la pili.

Siku moja afisa wa mifugo alipita nyumbani kwa shughuli za mbuzi. Mama akamwomba amtazame na mbwa. Afisa akamlaza Simba, akamfunga mdomo kwa kitambaa ili asimng'ate, akaanza kubonyeza mguu kutoka juu kwenda chini. Bega zima, kiwiko kizima. Alipofika katikati ya vidole, Simba akalia. Ndani kabisa ya wayo palikuwa na mwiba wa mathenge, ule mti tunaouita etirae, umeingia mpaka hauonekani, na usaha umejikusanya juu yake. Akautoa, akasafisha kidonda, akaandika dawa ya kuua vijidudu. Baada ya wiki mbili Simba alikuwa anakimbiza kuku wa jirani.

Simlaumu mwenye duka. Nilimwambia viungo, akanipa dawa ya viungo. Kosa lilikuwa langu: nilinunua dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Lakini yule afisa hakuondoka hapo hapo. Alimwona mpwa wangu wa miaka mitatu amelala juu ya tumbo la Simba, akaniuliza: "Huyu mbwa alipewa dawa ya minyoo lini?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nimenunua makopo mawili ya unga, na sikuwa nimewahi kununua kidonge kimoja cha minyoo. Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo, na nitalirudia.

Kwanza ujue kwa nini anachechemea

Kuchechemea ni dalili, na dalili moja inaweza kuwa na sababu nyingi. Katika nchi yetu hii, anza na mwiba. Angalia wayo, katikati ya vidole na kuzunguka kucha. Angalia kidonda, kucha iliyovunjika, uvimbe wa kuumwa na nyoka. Uliza kama bodaboda ilimgonga. Mfupa uliovunjika hauungwi na unga wa kopo.

Tazama pia kupe. Yapo magonjwa ya kupe yanayompa mbwa homa, yakamfanya aache kula na viungo vyake vivimbe na kuuma. Huyo anahitaji dawa ya ugonjwa wenyewe, na kila siku anayocheleweshwa ni hatari kwake.

Ukishaondoa hayo yote, ndipo unafika kwenye ugonjwa wa viungo wenyewe. Kati ya mfupa na mfupa kuna gegedu, ile nyama ngumu, laini juu yake, inayofanya mifupa isisuguane. Kadiri mbwa anavyozeeka, au akiwa aliwahi kuumia, gegedu inalika. Kiungo kinavimba na kinakaza. Mbwa huyo utamjua asubuhi: anaamka polepole, anatembea kama mzee aliyelala kwenye mkeka mwembamba, kisha jua likipanda anaanza kunyooka. Mbwa wakubwa kama German Shepherd, ambao kampuni nyingi za ulinzi huwatumia, wengine huzaliwa na nyonga zisizokaa vizuri, na huanza kuumwa mapema.

Ugonjwa huu hauponi. Gegedu iliyolika hairudi ikawa kama ya zamani. Mtu akikuambia ana unga wa kuirudisha, muage kwa heshima uende zako. Kinachowezekana ni kupunguza maumivu na kumsaidia mbwa aendelee kutembea.

Kuna jambo moja la hatari ambalo lazima nilitaje kabla ya kuendelea. Kichaa cha mbwa hakiji na ukali kila mara. Kuna aina yake ambapo mbwa analegea: miguu, hasa ya nyuma, inakosa nguvu, taya linaning'inia, mate yanamtoka, anashindwa kumeza. Mwenye mbwa anadhani ameumia mguu au amekwamwa na mfupa kooni, anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Usifanye hivyo hata siku moja. Mbwa aliyelegea ghafla na kutokwa mate, au aliyebadilika tabia, mtenge bila kumgusa, waondoe watoto, uite afisa wa mifugo.

Na akimng'ata au kumkwaruza mtu, au mate yake yakiingia kwenye kidonda, oshweni mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo. Msisubiri kuona kama mbwa atakufa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu maambukizi yote ya kichaa kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mapema inaokoa.

Ndani ya kopo mna nini?

Sasa tuseme afisa amemwona mbwa wako, na kweli ni viungo. Umesimama mbele ya rafu. Utachagua nini?

Makopo mengi yameandikwa glukosamini na kondroitini. Glukosamini kwa kawaida hutengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa wa baharini. Kondroitini hutokana na gegedu za wanyama, kama ng'ombe na papa. Wazo lililo nyuma yake linaeleweka kwa urahisi: kiungo kimepungukiwa na gegedu, basi mlishe mbwa vitu vinavyojenga gegedu. Lakini wazo linaloeleweka kwa urahisi bado linahitaji kupimwa.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walikusanya majaribio zaidi ya 70 yaliyofanywa kwa mbwa na paka wenye maumivu ya viungo, wakayalinganisha. Glukosamini na kondroitini hazikuonekana kupunguza maumivu. Watafiti hao walipendekeza zisitumike tena kwa kazi hiyo. Vyakula na virutubisho vyenye omega-3, yale mafuta yanayopatikana hasa kwa samaki wa baharini, ndivyo vilivyoonyesha nafuu iliyo wazi.

Najua wapo hapa watakaosema, "Lakini mbwa wangu alipewa glukosamini akapata nafuu." Siwabishii walichokiona. Ila ugonjwa wa viungo una siku nzuri na siku mbaya. Mtu hununua dawa siku ile mbaya kabisa, na baada ya siku mbaya kabisa, siku inayofuata mara nyingi huwa na nafuu, dawa iwepo au isiwepo. Ndiyo maana watafiti huwapa mbwa wengine dawa na wengine kitu kisicho na dawa, bila mwenye mbwa kujua ni kipi. Huko ndiko tofauti inakoonekana, au inakokosekana.

Mwingine ataniuliza: si tuna Ziwa Turkana na samaki tele? Samaki ni chakula kizuri kwa mbwa, akiondolewa miiba. Lakini majaribio hayo yalitumia omega-3 kwa kipimo maalumu, kila siku, kwa wiki nyingi. Kipande cha samaki aliyekaushwa kwa chumvi hakiwezi kuhesabiwa kuwa dawa, na chumvi nyingi nayo si nzuri kwa mbwa mzee.

Ukiamua kununua

Kama umeshauriwa na afisa, na una pesa za kutosha, angalia mambo haya.

Soma karatasi ya kopo. Kama ni mafuta ya samaki, yatafute maneno mawili: EPA na DHA. Hizo ndizo omega-3 zenye kazi, na kopo zuri linaeleza kiasi cha kila moja katika kila kipimo. Likisema tu "mafuta ya samaki" bila kiasi, hujui unachonunua. Usichanganye mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki. Yale ya ini yana vitamini A na D nyingi, na zikizidi mwilini mwa mbwa zinamdhuru.

Angalia tarehe ya kuisha, nambari ya toleo na anwani ya mtengenezaji. Kopo lisilo na anwani halina wa kumlalamikia.

Fikiria joto letu. Mafuta haya huharibika kwa joto na jua, na hapa kwetu jua halihitaji kualikwa. Chupa iliyokaa dirishani mwa duka kwa miezi inaweza kuwa imeharibika kabla ya tarehe yake kufika. Omba iliyokaa ndani, kwenye kivuli. Nunua chupa ndogo. Ifunge vizuri, uiweke mahali pa baridi kuliko pote nyumbani. Ikitoa harufu ya kuvunda, itupe.

Usinunue virutubisho vya watu ukampa mbwa. Baadhi ya vidonge vya kutafuna na vimiminika vya watu vimetiwa zailitoli, sukari bandia ambayo kwetu haina neno lakini kwa mbwa ni sumu, hata kwa kiasi kidogo.

Anza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukimpa vitu vitatu kwa siku moja, hutajua kipi kimesaidia na kipi kimemharisha. Kabla ya kuanza, mpige picha ya video kwa simu asubuhi anapoamka. Baada ya wiki sita hadi nane, mpige tena, ulinganishe. Kama hakuna tofauti, acha. Usinunue kopo la pili kwa sababu tu ulinunua la kwanza, kama nilivyofanya mimi.

Mwambie daktari kila kitu unachompa mbwa, hasa akitaka kumfanyia upasuaji, maana mafuta ya samaki yanaweza kuchelewesha damu kuganda.

Na yako mambo yasiyouzwa dukani. Mbwa wengi wa awi ni wembamba na hawana shida ya uzito. Lakini mbwa wa maboma ya mjini, wanaolishwa mabaki ya wali na ugali na kulala mchana kutwa, wengine wamenenepa. Kwa mbwa wa namna hiyo, kupunguza chakula ni tiba kuliko unga wowote. Utafiti mmoja wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2002, uliwafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Wale waliolishwa robo pungufu kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa. Mpunguzie chakula, mtembeze kidogo kidogo kila siku, mtandikie gunia alalie badala ya saruji. Gunia huna haja ya kuliagiza Nairobi.

Dawa za watu zibaki kwa watu

Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Mtu ana vidonge vya maumivu nyumbani, anamwona mbwa anaumia, anamhurumia, anampa kimoja.

Ibuprofeni inaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Diklofenaki ni hivyo hivyo. Parasetamoli ikizidi huua ini, na kwa mnyama mdogo kuzidi ni rahisi mno. Mbwa akianza kutapika damu au kunya choo cheusi, umechelewa.

Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama kaprofeni na meloksikamu. Hizo zina ushahidi kuliko kopo lolote la unga, lakini hutolewa kwa kipimo cha uzito, na mtaalamu ndiye anayeamua. Dawa za mifugo nchini husajiliwa na Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, na madaktari na wasaidizi wao husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Una haki ya kumuuliza anayekutibia mnyama kama amesajiliwa. Si utovu wa adabu.

Shilingi ya kwanza iende wapi?

Sasa narudi kwenye swali la yule afisa: alipewa dawa ya minyoo lini?

Wazee walio hapa wanaikumbuka habari hii vizuri kuliko mimi. Kuna mnyoo mdogo sana, wa milimita chache, unaoishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa mwenyewe haumwi, anaonekana mzima. Lakini mayai ya mnyoo yanatoka na kinyesi chake, yanashika kwenye manyoya, yanaingia kwenye udongo na maji. Mtoto anamshika mbwa, kisha anatia mkono mdomoni. Ndani ya mwili wa mtoto, yai linageuka kuwa mfuko wa maji, mara nyingi kwenye ini au mapafu. Mfuko unakua kimya kimya, miaka mingi, mpaka tumbo linavimba. Wataalamu wanauita ugonjwa wa haidatidi, na Turkana imejulikana katika vitabu vya udaktari kuwa miongoni mwa mahali ulipoenea zaidi duniani.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kupambana nao huku kaskazini magharibi mwa Turkana, Lokichoggio ikiwa ndani yake. Mbwa walipewa dawa ya prazikwanteli kila wiki sita. Watu walipimwa matumbo kwa mashine za ultrasaundi zilizobebwa mpaka kwenye maboma. Waliokutwa na mifuko walitibiwa kwa dawa au upasuaji. Katika miaka ya 1980, watu zaidi ya 5 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na mifuko hiyo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2010, walikuwa wamepungua hadi karibu 2. Mafanikio hayo yalianzia hapa kwenu. Lakini 2 katika 100 bado ni watu, na mnyoo haujaondoka.

Mbwa huupata kwa kula mapafu na ini lenye mifuko hiyo kutoka kwa mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia. Ndiyo maana nashtuka nikisikia ushauri kwamba mbwa aliyechoka miguu apewe ini bichi apate nguvu. Unamtafutia goti, unampa mnyoo. Ukichinja, ukaona malengelenge ya maji kwenye ini au pafu, usimtupie mbwa. Lichome, au lifukie chini sana asikoweza kufukua, au lichemshe angalau nusu saa kabla ya kumpa.

Na mpe mbwa dawa ya minyoo. Shirika la Afya Duniani linashauri prazikwanteli angalau mara 4 kwa mwaka. Dawa huua mnyoo, haiui mayai. Kwa hiyo ukishampa, mfunge siku mbili mbali na watoto na maji, ukichome au ukifukie kinyesi chake, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Naelewa maji ni machache. Naelewa pia kwamba kwa bibi zetu mbwa alikuwa mlezi, anayemlamba mtoto kumsafisha pale ambapo maji ya kunywa hayatoshi. Simcheki mtu. Walitumia walichokuwa nacho. Lakini sasa tunajua mayai yanapita wapi, na tukijua inatubidi tubadilike. Akina mama, kitambaa chenye maji kidogo kinamtosha mtoto kuliko ulimi wa mbwa.

Kwa hiyo, ukiwa na pesa kidogo za mbwa, mpango wangu ni huu. Shilingi ya kwanza ni ya chanjo ya kichaa, kila mwaka. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kenya na dunia zimejiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Siku tunapotangaza chanjo, mlete mbwa, hata kama ni mkorofi, hata kama anachechemea. Shilingi ya pili ni ya dawa ya minyoo. Ya tatu ni ya kumwonyesha afisa ule mguu. Ya nne, ikibaki, ndiyo ya chupa ya mafuta ya samaki.

Mimi niliyapanga kinyume. Nilianza na ya nne, na mtoto wa dada yangu akawa analala juu ya mbwa ambaye hakuwahi kumeza kidonge. Tulimpeleka akapimwa tumbo. Alikuwa salama. Nilikaa nje ya chumba cha kipimo nikisubiri jibu, na katika maisha yangu sikumbuki dakika 20 ndefu kuliko zile.

Simba bado yupo. Asubuhi anaamka polepole, maana sasa ni mzee kweli. Analala juu ya gunia. Ana kadi ya chanjo, na tarehe zake za dawa ya minyoo mama amezibandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Kopo la pili la unga lipo, limebaki nusu. Mama amelifanya la kuhifadhia majani ya chai.

Ofisi za mifugo ziko Lodwar, Kakuma na hapa Lokichoggio. Aliye mbali amwambie chifu wake, naye atatufikishia ujumbe. Msione haya kuja kwa ajili ya mbwa. Mlinzi wa boma naye ana haki ya kutibiwa, na kwa kumtibu yeye tunawakinga watoto wetu.

 Sasa tuanze maswali, na wazee wapewe nafasi ya kwanza.